Kuigiza Historia Milimani: Nani Atabeba Mzigo?

(Hotuba iliyotolewa Lushoto mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya jambo ambalo baadhi yenu mmekuwa mkilicheka pembeni. Nalo ni habari ya mimi na wenzangu sita ambao kila mwaka, tukipata likizo, hujitwisha mizigo vichwani tukapanda milima hii kwa miguu kutoka Mombo, ilhali barabara ya lami ipo na nauli ya basi tunayo. Mke wangu amekwisha kuulizwa sokoni kama nimeachishwa kazi. Basi leo nitaeleza. Lakini ninayo sababu ya pili ya kusimama hapa. Katika ajenda ya mkutano huu liko pendekezo kwamba siku ya sherehe za shule vijana waigize uwanjani vita vya Wakilindi: mashambulizi, mateka na bunduki, kisha mfalme mpya atawazwe mbele ya mgeni rasmi. Ninayo maoni juu ya pendekezo hilo, na sitayaficha.

Kwanza tuelewane. Mchezo wa kuigiza jukwaani tunaujua. Wengi wenu mtakumbuka tulivyoigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein pale bwaloni, na jinsi kila mtu alivyotaka kuwa mpiganaji, hata ikabidi Mwalimu awachague Wajerumani kwa kura, nao wakapakwa unga usoni. Ule ulikuwa ni mchezo wa kuandikwa, na mwandishi wake mwenyewe alisema kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha fikira zake, si yule wa historia. Ninachosema mimi ni kitu kingine. Hakuna maneno ya kukariri wala jukwaa. Mtu huchukua tukio lililopata kutokea, akaenda mahali pale pale au karibu na pale, akavaa, akala, akatembea na kufanya kazi kwa kadiri ilivyokuwa, ili aone kwa mwili wake kile alichokisoma kwa macho.

Huko Ulaya na Marekani jambo hili ni kubwa. Uingereza kuna chama kiitwacho Sealed Knot, kilichoanzishwa mwaka 1968, ambacho wanachama wake hucheza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17, wakiwa na mikuki mirefu na bunduki zisizo na risasi. Mwezi wa Juni 2015, vita vya Waterloo vilipotimiza miaka 200, watu wapatao 5,000 walikusanyika Ubelgiji na kupigana upya, na farasi na mizinga, halafu jioni wakanywa pamoja. Wamo mafundi wa magari, walimu, makarani na maofisa wa serikali kama mimi. Wako ambao hugombana juu ya vifungo vya koti, kama vilikuwa vya shaba au vya mfupa. Msiwacheke sana, ugomvi wetu juu ya kibuyu nitawasimulia baadaye.

Lakini ni wapi walipoanza kuniudhi? Ni pale niliposoma habari za Gettysburg, kule Marekani. Mwaka 1913, miaka 50 baada ya vita vile, wazee zaidi ya 50,000 waliopigana pande zote mbili walikutana. Wale wa Kusini wakatembea tena uwandani walipopata kushambulia, wakafika kwenye ukuta wa mawe, na badala ya risasi wakapeana mikono na wale wa Kaskazini. Picha zake ni nzuri, mtu huweza kutokwa na machozi. Ila katika mapatano yale ya kindugu, watu weusi, ambao utumwa wao ndio ulioleta vita, hawakutajwa. Historia iliigizwa vizuri kabisa, na wenye historia wakaachwa nje ya uzio. Tangu niliposoma hayo, kila nikialikwa kutazama maigizo ya namna hii swali langu la kwanza ni hili: ni nani hayumo?

Wapo wanaodhani kwamba mambo haya ni ya kizungu. Sivyo. Babu zetu wa Pwani walikuwa na beni. Tangu miaka ya 1890 huko Lamu na Mombasa, baadaye Tanga, Dar es Salaam na mpaka bara, watu walijiunga katika vyama, wakavaa sare, wakapiga tarumbeta na kucheza gwaride. Hapa kwetu vyama vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti. Humo mtu aliyekuwa mpishi au tarishi mchana, jioni aliweza kuwa Jenerali au Kaiza, akapigiwa saluti na watu mia, na kina mama nao walikuwa na vyeo vyao. Wakoloni waliogopa kidogo, wakacheka kidogo, maana hawakujua kama wanasifiwa au wanachezewa shere. Nadhani yote mawili yalikuwemo. Na tusisahau kwamba vyama vile vilizika maiti na kumsaidia mwanachama aliyepatwa na shida. Kule Makunduchi, Unguja, hata sasa kila mwaka katika Mwaka Kogwa wanaume hupigana kwa mashina ya migomba, na vita ile ikiisha imekwisha. Kwa hiyo kuigiza vita tunakujua tangu zamani, na tulikuwa tukikufanya kwa akili.

Na hapa milimani, ndugu zangu, kutawazwa kwa mfalme kulikuwa ndiko kuigiza historia kwenyewe. Habari za Mbegha kila mtoto wa Usambara anazijua: mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ungulu, akafukuzwa na nduguze kwa kuwa ni kigego, akafika huku akiwagawia watu nyama nao wakimpa vyakula vya shamba, akaua simba, na watu wakamfanya mkubwa wao. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo katika Habari za Wakilindi, na Profesa Feierman akayachambua katika kitabu chake cha mwaka 1974. Basi mfalme alipofariki, kifo kilifichwa. Mrithi, ambaye kwa desturi alikuwa akitawala Bumbuli, aliletwa Vuga usiku, kama mgeni Mbegha alivyokuja. Kulipokucha ngoma kuu, Nenkondo, ililia, na watu wakajua kwamba nchi ina Simba Mwene mpya. Nao hawakuja kushangilia tu. Walimwambia waziwazi wanachokitaka kwake, yaani mvua na chakula, na kumwonya kwamba asiyeiponya nchi watamwondoa. Kila mfalme aliingia katika hadithi ya Mbegha kwa miguu yake mwenyewe.

Ndiyo maana nasema pendekezo la kumtawaza mfalme uwanjani siliungi mkono. Serikali iliwaondolea machifu madaraka mwaka 1963, na mimi kama mtumishi wa Serikali sina malalamiko juu ya hilo. Hata hivyo Vuga ipo na wazee wake wapo. Jambo lenye wenyewe haliigizwi na watoto wa kidato cha pili ili mgeni rasmi apige makofi. Kama tunalitaka, twende Vuga tukawaulize wazee, na wakikataa tukubali.

Sasa nije kwenye vita na mateka, na hapa naomba mnivumilie.

Kimweri ye Nyumbai alifariki mwaka 1862. Alikuwa mzee sana, na enzi yake ilikuwa imefika mpaka Pwani. Baada yake nchi ikapasuka. Mjukuu wake, Shekulwavu, alikaa Vuga. Mwanawe, Semboja, alikaa Mazinde, pale chini tambarare tunapopapita kwa basi tukienda Moshi. Hakupachagua Mazinde kwa bahati. Palikuwa kando ya njia ya misafara, na palipo msafara pana bunduki na baruti. Bunduki zilinunuliwa kwa pembe na kwa watu. Watu hao walitoka wapi? Walitoka humu humu milimani, vijiji vya jirani. Walikamatwa, wakateremshwa, wakauzwa, na wengi waliishia katika mashamba ya miwa ya Pangani na ya karafuu visiwani.

Humu ukumbini wamo wajukuu wa waliokamata, na wamo wajukuu wa waliokamatwa. Wengine wanajijua, wengine hawajijui, na wako wanaojijua ambao wasingependa jirani ajue. Tukimweka kijana mmoja afungwe kamba shingoni na mwingine amsukume kwa gobole la mti, je, tutawagawaje? Kwa kura, kama Wajerumani wa Kinjeketile? Na mtoto ambaye bibi yake alimnong'oneza habari za ukoo wao, akipata sehemu ya mateka, siku ya pili darasani ataitwa nani? Ninyi mlikuwa wanafunzi. Mnajua jina la utani la shule linavyodumu. Wako humu ambao mpaka leo, wakiwa na vitambi na vyeo, hawaitwi kwa majina yao.

Msije mkadhani nasema mambo ya uchungu yasiguswe. Mwezi wa Oktoba 1994, Williamsburg, katika jimbo la Virginia, waliigiza mnada wa watumwa hadharani. Watu wengi walipinga, na waliokuja kupinga walisimama pale pale. Walioigiza kuuzwa walikuwa watu weusi wenyewe, watu wazima, wafanyakazi wa mahali pale waliosoma historia yao na waliochagua kufanya hivyo, na mwanamke aliyekiongoza kitengo chao alikuwa mmoja wa waliouzwa. Mmoja wa viongozi waliokwenda kupinga alisema baadaye kwamba alichokiona kimembadili mawazo. Tazameni basi masharti yaliyokuwapo: watu wazima, waliochagua, wenye historia hiyo, waliojiandaa. Sisi tunataka kuwachukua watoto wa watu, ambao hawakuchagua, na kuwafundisha kwa wiki mbili.

Niseme basi tunachofanya sisi saba. Tulikaa tukajiuliza ni sehemu gani ya historia ya njia hizi ambayo kila mtu anaweza kuibeba bila kumwonea mwenzake, tukaona ni upagazi. Krapf alifika Vuga mwaka 1848, akarudi mwaka 1852 kupitia Pangani. Burton na Speke walifika Februari 1857, wakamkuta mzee Kimweri. Vitabu vyote husema kwamba Krapf alifika, Burton alifika. Hema lilifikaje? Nguo, shanga na masango ya kumpa mfalme yalifikaje? Baadaye Wajerumani wakajenga reli kutoka Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905. Lakini kutoka Mombo kuja huku juu, walikokuita Wilhelmstal, mizigo mingapi iliendelea kupanda juu ya vichwa vya watu?

Kisha vikaja vita vya 1914. Juni 1916 Waingereza waliichukua Mombo na Wilhelmstal, na vita vikaenda kusini mpaka mwezi wa Novemba 1918. Wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa vizuri. Pale Dar es Salaam tunayo sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, ila anayeonekana ni askari na bunduki yake. Nairobi walau walimsimamisha mpagazi pamoja na askari. Sisi tunalo soko. Tunanunua nyanya Kariakoo kila siku bila kukumbuka kwamba jina hilo limetoka katika Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo.

Mwaka wa kwanza tulibeba frasila moja kila mtu, yaani kilo 16 hivi, tukajisifu. Mwaka wa pili tukasema tubebe mzigo wa kweli, karibu frasila mbili. Ndugu zangu, ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa frasila moja mtu huzungumza siasa. Kwa frasila mbili mazungumzo hukoma kabla ya saa moja kupita, na huelewi ni nani aliyeanzisha wimbo ila unajua kwamba usipoimba pumzi inakwenda ovyo. Unajifunza kwamba kata ya majani makavu ya mgomba ni bora kuliko ya nguo, maana nguo ikilowa jasho huteleza. Unajifunza kwamba mlimani hutazami mandhari. Niliishi huku utoto wangu wote nikidhani naijua njia ile, kumbe nilikuwa naijua kwa macho. Shingo inaijua kwa namna nyingine. Tena utaelewa kwa nini wapagazi waliotoroka walitorokea kwenye miinuko, na kwa nini mnyapara alitembea nyuma.

Chakula ni kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, kama ilivyokuwa desturi ya misafara. Nguo ni shuka za amerikani. Viatu ndivyo vilivyotushinda. Daktari wetu alikataa katakata tusiende pekupeku, tukasalimu amri. Ama kibuyu, tuligombana siku mbili nzima. Mmoja wetu alisema chupa ya plastiki ni kuharibu kila kitu. Daktari akasema maji yasiyochemshwa yataharibu zaidi. Mwishowe maji huchemshwa nyumbani, hutiwa katika vibuyu, na kila mtu hukasirika kidogo. Silaha hatuna, hata za mti, kwa kuwa hatutaki kutisha watu njiani wala kuwapa polisi kazi. Kabla ya safari tunawaarifu wenyeviti wa vijiji kwa barua. Hata hivyo kila mwaka watoto hutufuata na kutuuliza tunalipwa na nani.

Mwaka wa tatu, tukiwa tumetua mizigo kwenye kivuli, bibi mmoja alitoka nyumbani akatutazama kwa muda mrefu. Akauliza tunafanya nini. Tukamweleza. Akasema babu yake mzaa baba alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo, akiwa kijana mwenye mtoto mmoja, ikasemwa kwamba wanakwenda karibu tu. Hakurudi, wala hakuna aliyekuja kusema amefia wapi, kwa hiyo matanga yake yalikawia miaka, na mkewe hakuolewa tena kwa kuwa hakujua kama ni mjane. Kisha akatuuliza, bila hasira: "Wanangu, huo mzigo mnaobeba ni wa nani?" Ilikuwa ni mchanga na mawe ndani ya magunia. Hatukuwa na jibu. Tangu safari ile kila mzigo umefungwa jina la mtu, la babu au babu wa babu wa mmoja wetu aliyepata kubeba, na la babu yake bibi yule limo. Mimi ndiye nilibebalo. Mchanga tumeutupa. Sasa tunabeba vitu vya kutumiwa: mahindi, sabuni, madaftari ya shule ya msingi iliyoko juu, na tukifika tunavitua huko.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa pendekezo badala ya lile la kamati. Vita na kutawazwa viondolewe katika programu. Badala yake wanachama wenyewe, si wanafunzi, wapande kwa miguu kutoka Mombo siku moja kabla ya sherehe, na mizigo iwe ni vitabu vya maktaba ya shule, ambayo sote tumeiona asubuhi ilivyo. Wanafunzi wanaotaka na walioruhusiwa na wazazi watupokee Soni, nao watachukua mizigo midogo. Na kila mwanachama aende kwanza kwa wazee wake akaulize kama yumo mpagazi katika ukoo, alete jina. Mwalimu wetu wa historia ameniambia kwamba yuko tayari kuyaandika majina hayo katika daftari, pamoja na kijiji cha mtu na upande aliobebea, maana hili ni jambo ambalo baada ya miaka kumi hatutapata wa kumwuliza.

Najua litakuja swali kwamba sherehe bila ngoma na mapambano haitavutia mgeni rasmi. Inawezekana. Mgeni rasmi naye akitaka, tutampatia kata.

Walio tayari waniandikishie majina yao leo kabla ya chakula cha jioni. Wenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu wamwone daktari wetu, yuko meza ya nyuma. Kwao kuna kazi ya upishi, na msafara bila mpishi hauondoki. Mzigo usizidi frasila moja kwa mara ya kwanza, hata kama ulikuwa bingwa wa riadha mwaka ule. Tutakutana Mombo, kituo cha basi, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya jua kuupata ukingo. Kata kila mtu aje na yake.